Siku Shangazi Mwavita Alipoogelea Tena

"Jua la bondeni halijui mvua ya mlimani." Mmemsikia Asende akiwaambia hivyo mlipokuwa mnafunga taulo na vyakula vya safari ya kesho ya kuogelea mlimani. Sasa mnataka kujua ameitoa wapi, maana wazazi wenu hawakuja nayo kutoka Kongo. Ni kweli, hawakuja nayo. Methali hii ilizaliwa hapa hapa, kaskazini mwa Australia, na ilianza na shangazi yangu Mwavita.

Shangazi alikulia Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika, akajua kuogelea kabla ya kujua kusoma. Vita vikatutawanya. Aliishi kambini miaka kumi na minne, mahali ambapo maji yalikuwa ya kupangia foleni bombani. Alipotufuata huku alikuwa na miaka hamsini na mitatu, na hata chai hajamaliza akaniuliza, "Wilondja mwanangu, huku watu wanaogelea wapi?"

Nilimwambia kwamba baharini na mitoni huku chini kuna mamba, lakini mlimani kuna maporomoko yenye bwawa safi. Jumamosi moja ya Februari nikapata mapumziko katika shamba la ndizi nilikofanya kazi. Tukaenda watatu: yeye, mimi, na binti yangu Asende, aliyekuwa na miaka saba.

Njia ya msituni ni mwendo wa saa moja. Sisi tulitumia mbili. Mmea wenye miiba kama ndoana ulimshika Shangazi mkono wa gauni, naye badala ya kukasirika akauchunguza umejishikizaje. Akataka kujua kwa nini miti ina mizizi mipana kama kuta. Nikachoka.

"Shangazi, tumekuja kuogelea, si kufanya mtihani."

Akacheka. "Mgeni asiyeuliza hupotea na njia anaiona."

Tulipofika kwenye bonde la bwawa, jua lilikuwa kali na mbingu hazina wingu. Maji yalikuwa maangavu, ungeweza kuhesabu mawe ya chini. Shangazi aliweka kitenge chake ukingoni, kisha akajitupa majini. Alipoibuka uso wake ulikuwa umelowa, nami sikujua kama yote yalikuwa maji ya bwawa.

Mimi na Asende tulivuka hadi kwenye mwamba bapa katikati ya bwawa, tukakaa kula. Baada ya muda Shangazi alikuja akiwa ameshika majani mabichi.

"Upepo hakuna," alisema. "Nani anayachuma majani haya?"

"Yameanguka tu, Shangazi."

"Na vijiti hivi? Tazama na maji, yamekuwa kama chai. Huko juu kuna nini?"

"Hakuna kitu. Si unaona jua linavyowaka?"

"Naliona. Huko juu sikuoni. Tutoke kwanza, tutaulizana tukiwa ukingoni. Asende, panda mgongoni kwa bibi."

Nilitaka kubisha, lakini tayari alikuwa anaogelea na mtoto. Nikamfuata kwa kumridhisha tu. Nilikuwa nusu ya njia niliposikia ngurumo, nikadhani ni ndege. Maji yakanipiga ubavuni, ya matope, mazito, yakaanza kunivuta kuelekea kwenye mawe ya mwisho wa bwawa, maji yanakotokea. Nilipiga mikono, ukingo ukazidi kuwa mbali. Niliona Shangazi akimweka Asende juu ya jiwe refu, akirudi majini hadi kiunoni, mkono mmoja ameshika mzizi, wa pili akinirushia kitenge.

"Shika! Usiogelee, shika tu!"

Nikashika. Alinivuta kama mtu avutaye wavu uliojaa.

Tulipanda hadi juu ya njia, tukageuka kutazama. Mwamba tuliokuwa tumeukalia haukuonekana tena. Juu yake palipita gogo zima likibingirika. Na jua bado lilikuwa linatuchoma migongo. 

Asende ndiye aliyeuliza. "Bibi, mvua imenyesha wapi, na hapa pakavu?"

Shangazi alikuwa akikamua kitenge. Alitazama kilele, ambako sasa wingu jeusi lilikuwa limechungulia nyuma ya miti, akalitazama kwa muda kama mtu aliyejibiwa swali lake.

"Kule," alisema. "Jua la bondeni halijui mvua ya mlimani."