Ufunguo wa Lango la Barabara

Hapo zamani, Marekani ilipokuwa nchi changa yenye makelele mengi, watu wa kijiji kimoja cha mtoni waliambiwa kuwa sasa hata kapuku ana kura. Wacha wee! Walifurahi mpaka wakasahau kukamua ng'ombe. Kapuku mwanamume, lakini. Wanawake waliambiwa wapike.

Kura yenyewe haikuwa ya siri. Unapanda jukwaani, unataja jina kwa sauti, na wagombea wote wawili wa uongozi wa kijiji wamekaa hapo hapo wanakukodolea macho. Huku Kanali Whitkom, mwenye mashamba mapana. Huku Amosi Pruti, mfua chuma, mdomo mwingi, moyo mwepesi. Amosi alikuwa na wimbo mmoja tu: kazi za umma zizunguke, asiwepo wa kuzikalia kama urithi wa babu yake. Na kila alipoinua kikombe aliahidi kwamba akishinda, lango la barabara atampa aliyemshindisha. Kazi tamu hiyo: unafungua, unapokea ushuru wa wapita njia, unafunga, na nyumba ya mawe hapo langoni unapewa bure.

Aliyempigia makofi kuliko wote ni mzee Gideoni. Na huyo Gideoni ndiye aliyekuwa mlinzi wa lango lenyewe! Miaka na miaka, bila kumwonea mtu. Alidhani zitakazozunguka ni kazi za wenzake. Mimi nacheka mpaka leo.

Siku ya kura mto ukafurika. Watu wa ng'ambo, wote wa Amosi, wakakwama. Dorkasi, mjane mwenye pantoni, akawavusha bure, safari baada ya safari, na ile ya mwisho gogo likaipasua pantoni vipande vipande. Akatoka majini amelowa chapachapa, akaenda kusimama nyuma ya umati, maana yeye hana kura.

Aliyevuka mwisho ni Ezra, aliyekuwa ng'ambo kwa kibarua tu; yeye, mkewe na watoto walikaa upande huu, katika kibanda cha Kanali. Kufika jukwaani, kura zimelingana sawasawa, jua linazama, amebaki yeye peke yake. Kanali akamuuliza taratibu kama bado anaipenda nyumba yake. Ezra akawageukia watu.

"Amosi Pruti," akasema.

Hajashuka jukwaani, vyombo vyake vimeshatupwa nje.

Lakini nani aliona? Umati ulikuwa umeshavamia nyumba ya Amosi kusherehekea! Matope mpaka kitandani, bakuli zinavunjika, fidla inalia, mtu anacheza juu ya meza mpaka ikakatika mguu. Mshindi mwenyewe akatorokea dirishani na kipande cha keki, akajificha kwenye banda la kuku. Dorkasi, Ezra na mzee Gideoni wakamfuata huko huko.

"Bila mimi, watu wako wangekuwa ng'ambo wanakupungia mkono," Dorkasi akamwambia. "Pantoni imekwenda na maji. Nitakula nini?"

Ezra akasema, "Bwana Amosi, wengine walitaja jina lako wakapewa kinywaji. Mimi nimelitaja nikakosa pa kulala."

Mzee Gideoni alikuwa analia waziwazi. "Mwanangu, umeshinda kwa kura moja, na mimi nilikupa moja. Kazi sijaiharibu. Watoto wa Ezra nimewalaza kitandani kwangu, wameshiba supu yangu. Sasa mimi ndiye wa kutoka nje?"

Amosi akakuna kichwa, akasema basi wananchi waamue. Akawaita, akapanda juu ya banda, akawauliza lango apewe nani. Lo! Huyu anamtaja Ezra, yule Gideoni, na wengi, bila haya, wakajitaja wenyewe. Dorkasi alipofungua mdomo akaambiwa kura si yake. Katika kusukumana, banda likaporomoka, kuku wakatawanyika, na watu wakashangilia kama vile jambo limekwisha.

Halikwisha. Amosi amesimama pale, manyoya kichwani, ufunguo mkononi, na watu watatu wanamtazama. Nyumba ni moja, na mvua ndiyo hiyo inaanza tena.

Mimi simo. Ila nyinyi mliokuwa mnacheka, msininong'oneze sikioni. Simama, sema kwa sauti, na jirani yako asikie, kama alivyosema Ezra: je, nani alistahili ufunguo ule?