Bata na Makarai Matatu ya Kokoto

Paukwa!

— Pakawa!

Hamjala nini? Paukwa!

— PAKAWAAA!

Haya. Hapo kale, bibi yangu hajaota hata jino, palikuwa na Bata. Uani kwake palikuwa na kidimbwi, na ndani ya matope ya kidimbwi aliishi jirani yake Kambale, mwenye sharubu ndefu kuliko za babu yenu. Usicheke, Mbwana, babu anasikia.

Siku moja Bata akapata habari kwamba mawifi zake wanakuja.

"Mawifi waone matope? Aibu gani hii! Namwaga kokoto kidimbwini, king'ae!"

Kambale akachomoza sharubu. "Mama Bata, kiangazi kinakuja. Maji yakikauka, mimi hujifukia matopeni mpaka mvua. Ukimwaga kokoto nitajifukia wapi? Nitakufa!"

"Utalala juu ya kokoto, kama bwana mkubwa."

Akamwaga karai la kwanza.

— Chubwi!

Maji yakapanda mpaka ukingoni. "Tazama yalivyoongezeka!" Bata akatikisa mkia.

Akamwaga karai la pili.

— Chubwi chubwi!

Maji yakafurika, yakaingia jikoni, yakazima moto. Sufuria ya ugali ikaelea, ikatoka mlangoni bila kuaga.

— Ugali umetoroka!

Pamoja na mwiko wake! Bata akamwaga karai la tatu.

— Chubwi chubwi chubwi!

Wapi! Maji hayakubaki. Ilisikika "kacha!" tu. Na mlangoni: "Hodi!" Mawifi hao! Bata akataka kuringa, akaruka juu, akajitupa kidimbwini...

— KO!

Makalio juu ya mawe! Mawifi wakacheka mpaka wakagaagaa. Bata naye alikuwa karibu kucheka, mara akamwona Kambale amebanwa kati ya kokoto, anahema, sharubu zimekauka. Akaona uchungu sana.

"Mawifi zangu, acheni kucheka, shikeni makarai!"

Wakazoa kokoto zote, wakazitandaza ukingoni, pale pa kukanyaga. Wakachota maji kisimani, wakajaza. Kambale huyo, akazama matopeni. Na mawifi wakaingia ndani miguu safi, hawakuleta tope hata chembe.

Kiangazi kikaja, kidimbwi kikakauka kau. Kila asubuhi Bata aliyatazama matope yaliyopasuka. Mvua ya kwanza ikanyesha. Povu moja likapanda. Kisha sharubu.

"Mama Bata, mawifi wameshaondoka?"

Bata akalia, akacheka, akalia tena.

Basi wanangu, ukitaka kupamba kwako, muulize kwanza anayelala chini. Hadithi yangu imejifukia matopeni; atakayeifukua kesho ni Mbwana.