Nywila Iliyokwenda na Mahari

Wahenga walisema mficha uchi hazai, wala hawakuwa na maana ya nguo. Walimaanisha kwamba mwenye shida akiona haya kuisema, shida hiyo itamganda kama kupe na hatapata wa kumbandua. Mzee Mayala wa Segese aliijua methali hiyo tangu utotoni, na alikuwa hodari wa kuwatupia wenzake. Ila kuijua methali ni jambo moja, na kuikaribisha inapokuja kwako kibarazani ni jambo jingine.

Mayala alikuwa mfugaji, na kwa miaka kumi na mmoja alilinda pia shimo la wachimbaji wa dhahabu, lile wanaloliita duara. Kazi hiyo ilimfundisha kutomwamini mtu. Binti yake Limi alipotaka kuomba nafasi katika chuo cha uuguzi, akaunti ya maombi ilifunguliwa kwenye simu ya Mayala, naye akashikilia kuwa nywila ataitunza yeye. "Siri ya nyumba hukaa kwa baba," alisema. Akampa binti yake kisogo, akaandika herufi nne na tarakimu nne.

Kisha akawaza pa kuihifadhi. Karatasi huliwa na mchwa. Simu huibwa. Kichwa nacho, tuseme ukweli, kilikuwa kimeanza kuvuja. Lakini ni nani aliyewahi kuona chapa ya ng'ombe ikifutika? Kesho yake akakoka moto, akatia vyuma, na fahali wake Mabaka akapigwa chapa ya herufi nne na tarakimu nne pajani, zote katika mstari mmoja. Kila aliyeiona alidhani ni alama ya mifugo kutoka wilayani. Mayala alijipongeza wiki nzima kwa ujanja huo.

Mwezi uliofuata mwanawe Masalu akaposa kwa Mzee Mabula wa Ibadakuli. Wakwe walikuja kuchagua ng'ombe wa mahari, wakazunguka zizi, na fimbo ya kwanza ikamgusa Mabaka. Kumnyima mkwe ng'ombe aliyemchagua ni aibu ya kusimuliwa hadi kwa wajukuu, na kueleza sababu ingekuwa aibu kubwa zaidi. "Mchukueni tu," alisema kwa tabasamu la kulazimisha. Alijifariji kwamba nywila ameshaikariri.

Hakuwa ameikariri.

Septemba habari njema zikafika: Limi amechaguliwa. Alitakiwa kuthibitisha nafasi yake ndani ya akaunti kabla ya saa kumi jioni siku ya Ijumaa, la sivyo angepewa mwingine. Jumatatu Mayala akajifungia chumbani, akaandika nywila. Ikakataa. Akaandika nyingine, na nyingine tena, mpaka akaonywa kuwa amebakiwa na jaribio moja. Chini ya onyo hilo palikuwa na maneno madogo ya buluu: Umesahau nywila? Mayala aliyakodolea macho kwa hasira. "Nani kakwambia nimesahau?" aliiuliza simu, akaizima.

Kila jioni Limi alimwuliza, "Baba, umeshathibitisha?"

"Mtandao unasumbua."

"Mbona kaka Masalu anaangalia mpira kwenye simu yake?"

"Huo ni mtandao wa mpira."

Alfajiri ya Ijumaa aliaga kwamba anakwenda kumjulia hali mkwe wake. Alipanda gari hadi Kahama, akaunganisha jingine hadi Shinyanga, na saa nane mchana akawa Ibadakuli, amevaa koti lile lile la harusi ya Masalu.

"Mwadila, mkwe!" Mabula alimlaki kwa furaha, kwa salamu ya Kisukuma. "Karibu uketi. Mama Agnetha analeta maziwa."

"Mwadila, mkwe. Ng'ombe hawajambo?"

"Hawajambo. Wamekwenda malishoni, isipokuwa Mabaka. Mguu unamsumbua, nimemwacha zizini."

"Ngoja nikamsalimie," alisema Mayala, na kabla mwenyeji wake hajajibu alikuwa amekwishafika zizini.

Alichuchumaa nyuma ya fahali, akasugua samadi pajani kwa leso yake. Herufi tatu za kwanza zikajitokeza, moyo ukamruka kwa furaha. Kisha akaona balaa. Mabula naye alikuwa amepiga chapa yake, tena kubwa, na ilikaa juu ya alama zote tano zilizobaki. Mayala akasogeza pua karibu zaidi. Mabaka, ambaye hakupenda kusomwa, akamchapa mkia usoni.

"Mkwe," sauti ya Mabula ilisikika nyuma yake. "Unafanya nini?"

"Namsalimia."

"Kwenu fahali husalimiwa upande huo?"

Uso wa Mabula ukakunjamana. "Mahari niliipokea mbele ya mashahidi, na sasa unakuja kukagua ng'ombe nyuma yangu. Kama umemjutia fahali wako, sema. Mchukue, nami nikamchukue binti yangu leo hii."

Sasa ndoa ya Masalu nayo ikawa imeingia zizini. Ilikuwa saa nane na nusu. Simu ikalia, na ilikuwa Limi.

"Shikamoo baba. Rafiki yangu Melania ameshathibitisha nafasi yake. Mtandao umetulia?" Limi akashusha sauti, "Kama haiwezekani, niambie tu, baba. Nitakwenda kupika chakula kule machimboni. Sitakasirika."

Maneno hayo ya mwisho yalimchoma Mayala kuliko yote. Limi angekasirika, angalau yeye angepata la kumkaripia. Aliona haya kwa mara ya kwanza juma lile, haya ya kweli, si ile ya kuogopa kuchekwa. Akakata simu, akavua kofia.

"Mkwe, simtaki fahali. Nimesahau nywila ya mtoto. Niliiandika hapa pajani, na wewe umeipiga chapa juu."

Mabula alimtazama Mayala, akamtazama Mabaka, kisha akashika nguzo ya zizi na kucheka mpaka akaketi chini. "Kwa hiyo siri yako inachungwa Ibadakuli nzima kwa miezi mitatu sasa! Hata wachunga mbuzi wameisoma!"

Mke wa Mabula, Mama Agnetha, alikuja mbio kusikia kulikoni. Alikuwa katibu wa kwaya, na ukurasa wa kwaya mtandaoni aliuendesha yeye. Alipoelezwa alijizuia kucheka kwa adabu ya ukwe, akaitazama simu ya Mayala.

"Mzazi mwenzangu, mbona hapa pameandikwa 'Umesahau nywila?' Hukupaona?"

"Nilipaona tangu Jumatatu. Nikaona wananidharau."

Hapo adabu ya ukwe ikamshinda mama wa watu, akacheka hadi machozi. Kisha akamwonyesha pa kubonyeza. Simu ikatikisika, ikaleta tarakimu sita. "Hizo usimsomee mtu yeyote, hata mimi," alisema, akageuka kando. "Sasa weka nywila mpya, iwe ndefu, na usiiandike tena juu ya ng'ombe."

Mayala aliandika huku midomo ikinong'ona kila herufi.

"Na mdomo ufunge, mkwe," Mabula aliita kutoka alikoketi. "Tunakusikia."

Saa tisa na robo nafasi ya Limi ikathibitishwa. Mayala alikaa juu ya samadi na koti lake la harusi, akalia mbele ya wakwe zake bila kujificha. Mabula alimletea maziwa pale pale.

Kesho yake, nyumbani Segese, alimsimulia Limi yote, hata lile la mkia. Limi alicheka, akaipokea simu, akampa baba yake kisogo na kubadilisha nywila.

"Hutaniambia hata mimi?" Mayala aliuliza.

"Akaunti ni yangu, baba."

"Na siku ukiisahau?"

"Nitasema nimesahau."

Mayala alitikisa kichwa taratibu. Jibu hilo la maneno mawili yeye alilifuata kwa magari mawili hadi Ibadakuli, akalipata nyuma ya fahali. Hakika, mficha uchi hazai.