Bi Bata Aliyeoga Maji ya Majirani

Haya, sogeeni karibu. Nikiita, mwitikie kwa nguvu. Sitaki sauti za watu walioshiba.

Paukwa!

Pakawa!

Kisima?

Kikakauka!

Na mimi je?

Simulia!

Hapo kale, kale sana, wanyama walipokuwa na nyumba na majiko na wakwe kama sisi, ulikuja mwaka usio na mvua. Masika yakapita bila tone. Vuli ikapita, nayo bila tone. Mito ikageuka njia za kupitia. Kikabaki kisima kimoja tu, na maji yake yalikuwa chini huko. Ukitupa ndoo, unangoja mpaka unasahau umekuja kufanya nini.

Wanyama wakakutana, wakapatana: kila nyumba mtungi mmoja kwa siku, basi. Akawekwa Kobe kulinda kisima. Kobe alikuwa mkali, tena ana fimbo, ila macho yake yalikuwa hafifu. Watu aliwatambua kwa rangi zao tu.

Sasa palikuwa na mama mmoja, Bi Bata, mwenye manyoya ya kahawia yanayong'aa. Bi Bata alipenda usafi, jamani! Alioga asubuhi, akaoga mchana, akaoga jioni. Sahani aliisuuza mara tatu. Kikombe kimoja alikiosha kwa ndoo nzima. Wewe uliyejificha nyuma ya mwenzako, usiwe na wasiwasi, namsema Bi Bata.

Binti yake, Kidawa, alikuwa akimwambia kila siku, "Mama, tuoge kwa kata mbili mbili. Maji ya kuoshea mchele tuoshee vyombo, na ya vyombo tumwagilie mchicha."

"Kata mbili!" Bi Bata anashangaa. "Mimi nipakwe maji kama mgonjwa? Watu watasema nini?"

Siku moja ikaja habari njema. Washenga wanakuja kumposa Kidawa! Wanatoka kijiji cha mbali, na mkubwa wao ni Bwana Korongo, mwenye miguu mirefu na jicho lisilopitwa na kitu. Watafika alasiri. Wapewe maji ya kunawa, wapewe ya kunywa, wapikiwe na uji wa kukaribishwa. Wakikosa hayo watanyanyuka waende zao, na posa imekwisha. Na Kidawa alimpenda yule kijana, msidhani vingine.

Alfajiri Bi Bata akaenda kuchukua mtungi wake. Akarudi, akaosha kizingiti. Akaosha vikombe, akaona havijatakata, akaviosha tena. Akaoga. Akachungulia mtungi, akaona kitako chake.

"Mama," Kidawa akasema, na machozi yanamlengalenga, "wageni watanawa nini?"

Bi Bata moyo ukampasuka. Akafikiri, akafikiri. Kisha akasema, "Nyamaza, mwanangu. Mama yako ana akili."

Akaenda jikoni, akajipaka majivu mwili mzima. Akachovya ncha ya bawa kwenye unga, akajitia madoa meupe. Akaenda kisimani.

"Nani huyo?" Kobe akauliza.

"Ni mimi, Bi Kanga."

"Bi Kanga, mbona leo unatembea kwa kuyumba?"

"Mguu unaniuma, mzee wangu."

"Pole. Chukua mtungi wako, uende."

Bi Bata akarudi mbio, anachekelea. Lakini kufika nyumbani akajitazama. Majivu mpaka kwapani! Atakaribishaje wakwe namna hii? Akajimwagia kata moja. Yakawa matope. Akajimwagia kata ya pili, ya tatu, ya kumi. Alipotakata, mtungi ulikuwa mtupu.

"Mama!" akasema Kidawa.

"Nyamaza, mwanangu. Mama yako ana akili."

Akaenda jikoni, akakwangua masizi ya vyungu vyote, akajipaka, akabakisha shingo akaitia unga. Akaenda kisimani.

"Nani huyo?"

"Ni mimi, Bi Kunguru."

"Hebu lia kidogo nisikie."

"Kwa! Kwa!"

"Hee! Sauti imekuaje?"

"Ukame, mzee wangu. Koo limekauka."

"Pole. Chukua mtungi wako, uende."

Akarudi mbio. Sasa masizi, nyinyi mnayajua masizi. Akajimwagia kata, masizi yametulia. Akasugua kwa dodoki, yametulia. Akamaliza mtungi wote, akabaki na mabaka meusi, na jua limeshapinda.

Kidawa alikaa kitako, akalia kimyakimya, na hapo ndipo mama mtu alipozidi kuchanganyikiwa. Akajipaka mafuta ya nazi kuanzia utosini, akajimwagia unga wa muhogo, wote, ule ule wa kupikia uji wa wageni, ili afunike mabaka. Akawa mweupe pe. Akaenda kisimani.

"Nani huyo?"

"Ni mimi, Bi Yangeyange."

Kobe akakunja uso. "Bi Yangeyange, shingo yako ndefu imekwenda wapi?"

"Njaa, mzee wangu. Imepungua."

"Makubwa! Chukua mtungi wako, uende, na ukale."

Bi Bata akajitwika. Safari hii akaapa hatatumia hata tone. Lakini alikuwa na haraka, na mwendo wa bata mnaujua. Kila akiyumba, maji yanaruka kidogo, chwa! yanamwangukia mgongoni. Unga ukalowa. Jua likawaka. Unga ukaiva. Alipofika uani kwake, Bi Bata alikuwa amepikika, mabawa hayafunguki.

Na uani wamejaa watu. Washenga wamekwisha fika, Bwana Korongo mbele, amesimama kwa mguu mmoja.

"Hodi hapa. Tunamtafuta Bi Bata," akasema. "Wewe ni nani?"

Kabla hajajibu, Bi Bata akasikia sauti nyuma yake. Ni Bi Kanga, Bi Kanga mwenyewe, na vifaranga wake saba, ndimi nje.

"Jirani yangu, nisaidie hata kata moja," Bi Kanga akasema. "Kobe kaninyima. Ananiambia nimekwisha chukua, na mimi leo sijafika kisimani hata mara moja. Watoto wangu hawajanywa tangu jana."

Nyuma yake akaja Bi Kunguru, analalamika vivyo hivyo. Nyuma yake Bi Yangeyange, naye vivyo hivyo, anashika shingo yake anauliza kama imepungua kweli.

Bi Bata akawatazama wale vifaranga. Mmoja, mdogo kuliko wote, alikuwa akilamba ile ardhi yenye unyevu, pale Bi Bata alipojimwagia maji ya masizi. Analamba matope. Bi Bata akaona aibu ambayo hajawahi kuiona tangu azaliwe.

Akatua mtungi. Akasema mbele ya wakwe, bila kuficha: "Kanga nilikuwa mimi. Kunguru nilikuwa mimi. Yangeyange ni huyu mnayemwona. Maji yenu nimeyaoga. Na haya yaliyobaki ni yenu. Kunyweni."

Vifaranga wakanywa kwanza, halafu wale kina mama watatu. Zikabaki kata mbili ndani ya mtungi.

Kidawa akafuta machozi. Akachukua kata moja, akawanawisha wageni wote kwa uzi mwembamba wa maji, beseni limekinga chini, halikuanguka tone. Kata ya pili akawanywesha, kila mmoja funda. Katika yale ya beseni akachovya kitambaa, akampangusa mama yake macho, angalau amwone mkwe wake.

Bwana Korongo alikuwa anatazama tu. Hatimaye akashusha mguu wa pili.

"Kwetu kisima kilikufa mwezi uliopita," akasema. "Nimepita nyumba sita kutafuta mke wa kijana wetu. Kote wametunawisha kwa madebe, wakamwaga. Binti huyu tunamchukua. Na kuhusu uji wa kukaribishwa, mama mkwe, usione haya. Uji tumeuona, ila umeuvaa."

Wakacheka wote mpaka Kobe akasikia kule kisimani. Alipokuja akaelezwa, yeye hakucheka. Alimtoza Bi Bata faini: tangu siku ile mpaka mvua inyeshe, mtungi wake ugawanywe kwa majirani wale watatu, na yeye abakiwe na kata nne kwa siku, za kupika, za kunywa na za kuoga. Siku ya kwanza alilia. Siku ya saba aligundua kwamba kwa kata moja mtu huoga, akatakata, na yanayodondoka yakamwagilia mchicha. Mvua ilipokuja hakuongeza kata nyingine.

Mafunzo yake, wanangu, ni haya: maji unayoyamwaga wakati wa ukame si ya nyumba yako peke yako. Kuna mtoto wa jirani aliyekuwa ayanywe. Basi oga kidogo, osha kwa kipimo, na yaliyotumika yatumie tena.

Hadithi yangu mimi naitua hapa mlangoni. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, nirudishieni, nitaitafuna mwenyewe.