Ukuta Ulionyimwa Pumzi

Sogeeni karibu kidogo, ndugu zangu, na wale wa nyuma pia. Nina kisa kifupi, na mwisho wake nitawaachia nyinyi.

Kulikuwa na mama mmoja katika mji wa kale wa pwani, aliyerithi nyumba ya mawe, yenye kuta nene na dari ya boriti. Marehemu mama yake alikuwa na desturi. Kila mwezi wa Shaabani, kabla Ramadhani haijaingia, alikoroga chokaa ndani ya pipa, akajifunga kanga kiunoni, akaipaka nyumba nzima upya. Binti aliichukia kazi hiyo, maana chokaa ilimbabua vidole. Basi nyumba ilipokuwa yake, akaipiga plasta ya saruji ndani na nje, na juu yake rangi ya mafuta. Nyumba ikang'aa. Shaabani ilipofika, yeye alikaa barazani akiwatania majirani.

"Jamani, mtaoga chokaa mpaka lini? Fanyeni kama mimi, mpumzike."

Nao wakafanya. Nani kati yetu hapendi kupumzika?

Miaka ikapita. Nyumba moja ya mtaa ule ikaanza kuoza kuta. Ikavunjwa, pakasimama ghorofa. Ikafuata ya pili, na ya tatu. Zikaondoka nyumba saba, na kila mara watu walisema, "Ilikuwa imeshazeeka." Mwisho nyumba ya mama yule nayo ikaanza kutoa jasho. Rangi ikavimba malengelenge, godoro likanuka ukungu, ncha za boriti zikalainika. Akaongeza saruji, nene zaidi. Haikusaidia. Chumba alimozaliwa kilikuwa kinamfia mbele ya macho. Akalia siku tatu, kisha akaita fundi aje kuibomoa taratibu, walau auokoe mlango wa nakshi.

Fundi alikuwa mtu wa maneno mengi. Alipiga nyundo mara moja tu, saruji ikabanduka bamba zima kama ganda la yai. Akaweka kiganja juu ya jiwe, akalipapasa juu hadi chini.

"Mama," alisema, "huyu maiti uliyeniitia nimzike bado anapumua."

"Usinifanyie mzaha, fundi. Nyumba imezeeka."

"Njoo ushike. Jiwe zima hili, limelowa tu. Ukuta wa chokaa hunywa maji ya ardhini, kisha ukayatoa nje polepole, kama ngozi yako inavyotoa jasho. Wewe umeuvalisha koti la mpira, na kila ukuta ulipougua ukauongezea koti jingine. Nani alikushauri?"

Mama aligeukia dirishani. Akayapitia kwa macho maghorofa yale moja moja. Hakuna aliyemshauri. Mshauri wa mtaa mzima alikuwa yeye.

Angeweza kunyamaza, si ndiyo? Nani angejua? Lakini ng'ambo ya kichochoro ilibaki nyumba moja ya mawe, ya mjane mmoja, na wavunjaji walikuwa waje Jumamosi. Mama akamnyang'anya fundi nyundo, akavuka.

"Mwenzangu, nimekuja kukuvunjia plasta."

"Makubwa haya. Si wewe uliyeniambia niipige?"

"Ni mimi. Nilikukosea wewe, na zile saba nilizikosea. Nipishe nianzie ukumbini."

Mjane akamtazama, akaitazama na ile nyundo. "Haya, ingia. Ila vumbi utafagia mwenyewe."

Wavunjaji wakarudishwa, na kuta za nyumba zote mbili zikaachwa uchi miezi minane, zikakauka. Boriti chache zikabadilishwa. Shaabani iliyofuata, wanawake wawili walionekana kichochoroni wakikoroga pipa moja, kanga kiunoni, weupe mpaka kwenye nyusi, wakigombana nani kazidisha maji.

Zile saba hazikurudi, ndugu zangu, na sitawadanganya kwamba zitarudi. Lakini tujiulize: ni vitu vingapi tumevisema vimezeeka, kumbe sisi wenyewe ndio tuliovinyima pumzi? Nyumba za wazee wetu. Swala zetu. Na wazazi tuliowajengea vyumba vizuri, kisha tukaacha kuwatembelea. Tulikimbia kazi ndogo ya kila mwaka, tukatafuta kitu kigumu cha kufunika mara moja tu. Na tukigundua kosa, tunakaa tukizililia saba, tunaisahau ile moja iliyo ng'ambo ya kichochoro. Toba ya mama yule ilikuwa na nyundo mkononi, na ilifika kabla ya Jumamosi.

Sasa geukeni mtazame ukuta wa msikiti wetu, huo wa upande wa kisima. Mnayaona malengelenge? Plasta ile tuliipiga sisi, na siku ile tulipongezana. Juzi mmoja wetu kasema msikiti umezeeka, tuuvunje tujenge mpya.

Nyundo nne ziko pale mlangoni, karibu na viatu vyenu. Na ufagio upo.