Betri ya Fundi wa Gemu

Wapendwa, mliokula chumvi nyingi mnayakumbuka yale makabati ya gemu: kioo kama cha televisheni, fimbo ya kuchezea, na vijana wamejazana mpaka mlangoni. Basi palikuwa na fundi mmoja wa makabati hayo. Bodi, ule ubao wa umeme wa ndani ya kabati, ikimfikia imezama vumbini, ataipiga brashi, atasugua pini zake kwa kifutio cha penseli, atazipitishia spiriti. Lakini kabla ya yote alishika koleo, akang'oa betri. Betri ile kazi yake ni kutunza majina ya walioshinda, na ikizeeka huvuja, maji yake yakaila bodi. "Majina utapata mengine," aliwaambia wateja, "bodi hupati."

Sasa sikilizeni. Fundi huyu nyumbani alikuwa na kabati lake mwenyewe, amelifunika shuka, na hakuna ruhusa ya kuligusa. Kisa? Zamani yeye na mdogo wake walikuwa wakishindana kwenye kabati hilo. Siku moja fundi yuko karibu kuvunja rekodi, mama yao akamwita, akainuka mara moja tu. Kurudi, mdogo mtu kamalizia mchezo na kuandika herufi zake tatu juu kabisa! Mnacheka? Wao hawakucheka. Maneno yakazaa kununiana, na mdogo mtu akawa hakanyagi pale.

Ikafika siku ya posa ya binti wa fundi. Posa bila baba mdogo inakaaje? Akaitwa, akakubali kuja. Fundi akasema moyoni, leo ndiyo leo. Nitaliwasha kabati mbele ya ndugu wote, waone jina la mwizi.

Asubuhi akalifunua. Vumbi akalitoa. Pini zilikuwa na kutu ya kijani, akazisugua mpaka zikang'aa. Akawasha, akapata mistari mitupu. Akachungulia: kijani kingine kimetambaa pembeni. Kinatoka wapi? Paa halivuji, na bodi haijaguswa na maji. Akakifuata kwa kidole taratibu, kikampeleka mpaka kwenye betri. Akaondoa kidole haraka, akaanza kusugua upande mwingine.

Mkewe, aliyekuwa akipita na sahani za wageni, akasimama.

"Baba Tabitha, za watu unaanza kwa kung'oa betri. Hii yako mbona unaizunguka?"

"Nikiing'oa, ushahidi unapotea."

"Na usipoing'oa?"

Fundi akaligeukia kabati. Akakaza plagi, akawasha tena. Safari hii orodha ya washindi ikatokea. Akaiinamia. Pale juu palikuwa na alama ya kuuliza, kistari, na nusu ya herufi. Halikuwa jina la mdogo wake. Halikuwa jina la mtu yeyote. Maji ya betri yalishaiharibu kumbukumbu yenyewe.

Miaka yote hiyo alikuwa akilinda nini? Aibu ilimshika, akafurahi kwamba wageni bado hawajafika. Akachukua koleo, akaing'oa betri, akasafisha chini yake, akaunga kwa waya njia zilizokatika.

Mdogo wake alipofika, macho yake yaliangukia kwanza kwenye kabati. Akasita mlangoni.

"Shikamoo, kaka. Kumbe bado unalo. Nani anaongoza?"

"Marahaba. Hakuna anayeongoza, zote sifuri. Njoo ukae. Anza wewe."

Ndugu zangu, sisi ni mafundi hodari wa bodi za watu. Jirani akikosana na nduguye tunamwambia "samehe, yaishe," tunaing'oa betri yake bila ganzi. Ya kwetu tumeifunika shuka. Kila Jumapili tunakuja hapa kusugua pini, tunatoka tunang'aa, na wiki ijayo kijani kimerudi, nasi tunashangaa kinatoka wapi. Hatujui kweli?

Na lile kosa unalolitunza, una hakika bado linasomeka? Au limebaki nusu ya herufi, na wewe ndiye unayejazia zilizobaki?

Yupo mtu hakanyagi kwako. Leo, kabla hujagusa chakula cha mchana, mpigie simu. Mwambie aanze yeye.