Shelfu Isiyoshikwa

“Mama yako ameshika tena shelfu yangu!”

“Sasa ashike wapi, Mama Tuzo? Ashike hewa?”

“Ashike ukuta! Ashike kiti! Nyumba nzima hii hakuna kitu kingine, ni shelfu yangu tu?”

“Punguza sauti, anasikia.”

“Na asikie!”

Ndugu zangu, hao ni mume na mke, wako jikoni kwao, na maharage yanaungua jikoni humo humo wala hakuna anayeyaona. Mnacheka? Subirini kwanza.

Mke huyo alikuwa amenunua shelfu ya sebuleni ya mbao nyepesi, ndefu kumzidi yeye mwenyewe, imepakwa rangi nyeupe. Nzuri kweli. Ila ukipita karibu yake kwa haraka, inayumba. Ukibamiza mlango, glasi zinagongana. Fundi aliyewauzia aliwaambia mapema: “Hii ni nyepesi, mama, haiwezi kusimama peke yake. Vitu vizito viwekeni chini, halafu mtoboe ukuta, muifunge kwa hivi.” Akawapa mfuko mdogo wa nailoni, ndani mna vyuma viwili na skrubu zake.

Sasa sikilizeni walichofanya. Ukuta ulikuwa ndiyo kwanza umepakwa rangi ya maziwa, na Mama Tuzo akasema hakuna mtu atakayetoboa ukuta wake. Na sahani zake za udongo, zile nzito, ziwekwe chini? Mgeni gani atainama kuziangalia? Zikapanda juu kabisa, pamoja na bakuli la kioo walilopewa harusini, na rafu ya chini wakaweka maua ya plastiki. Ilipoyumba, Baba Tuzo akakunja kipande cha boksi, akakisukuma chini ya mguu mmoja. Ikayumba upande wa pili. Akakunja kingine. Mwishowe wakaifunga kwa kamba kwenye nondo za dirisha, na mke akafuma kitambaa kirefu cha kuficha ile kamba. Nawauliza: kufuma kitambaa kizima na kutoboa ukuta, ipi kazi kubwa? Na mfuko wa skrubu ulikuwa wapi wakati wote huo? Ulikuwa kwenye droo ya hiyo hiyo shelfu!

Halafu wakaanza kufundisha watu. Watoto, msikimbie. Wageni, karibuni, ila msiegemee hapo. Tuzo, mlango polepole! Nyumba nzima ikawa inatembea kama nyumba yenye mgonjwa.

Ndipo bibi akaletwa, mama mzazi wa yule mume. Miguu ilikuwa imemlegea, na kule kijijini alikuwa anaangukaanguka. Mwanawe akamfuata, akamwambia, “Mama, twende ukae kwangu, hutaanguka tena.” Hiyo ahadi msiisahau. Basi bibi akawa anatembea na fimbo mkono mmoja, na mkono wa pili unapapasa, unatafuta pa kujishikiza. Na kutoka chumbani kwake kwenda chooni, kitu cha kwanza ambacho mkono huo unakikuta ni nini? Semeni.

“Mama, usishike hapo.”

“Mama, samahani, hapo hapana.”

“Jamani mama, si tumeshasema?”

Bibi naye alikuwa na mdomo. Akamjibu mkwewe, “Mwanangu, kitu kikubwa hivi kinaogopa mkono wa kikongwe? Basi nacho kitafutieni fimbo.”

Siku moja mchana, Mama Tuzo yuko nyuma anafua, akasikia kishindo sebuleni. Akatupa nguo, akakimbia. Najua mnawaza nini. Mnawaza sahani. Hapana! Haikuvunjika hata glasi moja. Shelfu ilikuwa imesimama palepale na kitambaa chake. Aliyekuwa sakafuni ni bibi. Fimbo ilikuwa imeteleza kwenye marumaru, mkono ukaenda wenyewe kwenye shelfu, akakumbuka. Akaurudisha. Yule mama alianguka kwa sababu ya kututii. Na kama angeishika? Ingemfuata yote kichwani.

Na mkwewe alipoingia, alitazama wapi kwanza? Alitazama juu. Akasema, “Afadhali!” Ndipo akatazama chini.

Mmeshamkasirikia, naona. Lakini nimesema “kututii,” hamkunisahihisha, na mimi sikukosea. Sisi ndio wenye nyumba hiyo. Binti mwenye mimba anaingia hapa kanisani anapepesuka, anatafuta mkono. Tunasogea pembeni. Kijana anataka kuacha pombe, anamfuata mmoja wetu. Tunamwambia “tutakuombea,” kisha tunapita njia nyingine tusikutane naye. Kwa nini? Kwa sababu tunajijua. Tunajua tumesimama juu ya vipande vya boksi, na mtu akituegemea kweli, kila kitu kitashuka.

Vizito vyetu vyote tumevipandisha juu vionekane: sare za kwaya, viti vya mbele, sauti za kuombea watu hadharani. Huku chini, kwenye kusamehe nyumbani, kwenye kuomba mlango umefungwa, tumeweka maua ya plastiki. Na Mungu yuko hapo hapo mgongoni kwetu, hatikisiki, na skrubu ametupa mwenyewe. Hatutaki. Kutobolewa kunauma, tena vumbi litaonekana! Jamani, mpaka lini? Tutafuma vitambaa vingapi?

Bibi hakuvunjika mfupa, Mungu alimhurumia. Lakini alimwita binti yake aje amchukue. Binti huyo anakaa nyumba ya udongo, na ndani ana meza moja ya mninga ambayo wanaume wawili wanaisogeza kwa kuhema. Baba Tuzo alibeba mzigo huku machozi yanamtoka. “Mama, watu watasema tumekufukuza.” Mama Tuzo akasema, “Mama, tusamehe. Kesho namwita fundi.” Bibi hakuwa na hasira tena. Alishika fremu ya mlango kwa kiganja kizima, akageuka, akaitazama sebule yote, akawaambia:

“Nyumba yenu ni nzuri, wanangu. Ila haina pa kushika.”